Nta Haiondoi Mikwaruzo ya Gari
Wamiliki wengi wa magari nchini Uganda huamini kwamba polishi na nta ni kitu kimoja, na kwamba yoyote kati ya hizo itafuta mikwaruzo. Sivyo. Polishi ina chembechembe laini za kusugua, ambazo hukwangua kidogo koti angavu, yaani tabaka linaloonya lililopakwa juu ya rangi, hadi kingo za mkwaruzo zisawazike. Nta haikwangui kitu, bali hutanda juu ya koti hilo na kulikinga dhidi ya maji na uchafu kwa wiki kadhaa au zaidi. Basi polishi hutangulia, nta hufuata. Kwa kuwa koti lenyewe mara nyingi ni jembamba kuliko unywele, kupiga polishi kila wiki, desturi ambayo baadhi ya watu hujivunia, ni kulimaliza.

Anayepita barabara za vumbi jekundu, iwe Gulu au Mbarara, aoshe kwanza gari kwa maji mengi, kwani vumbi likisuguliwa kavu huchora mikwaruzo mipya. Kazi ifanyike kivulini, bodi ikiwa imepoa, kwa sababu nta inayopakwa kwenye boneti yenye joto hukauka upesi na kuacha mabaka. Mkwaruzo wenye kina hadi kunasa ukucha unaopitishwa juu yake humhitaji fundi wa rangi.