Madai kumi ya 1848 na alama ya vema

Nafundisha sayansi ya siasa, darasa la jioni. Nikifika kwenye ukomunisti sianzi na Urusi. Nagawa karatasi yenye madai kumi, haina jina wala mwaka, nasema: wekeni vema penye jambo ambalo serikali yetu inalifanya tayari. Elimu ya bure kwa watoto, vema. Watoto wasiajiriwe viwandani, vema. Benki ya taifa, ubishi kidogo, vema. Kodi inayopanda kadiri kipato kinavyopanda: kila mwajiriwa anaguna, vema. Ndipo nawaambia yametoka kwenye Ilani ya Chama cha Kikomunisti, ya Marx na Engels, iliyochapwa London Februari 1848.

"Kumbe sisi wakomunisti, mwalimu!"

Hapana. Chukueni mfano wa kodi. Mwaka ule Mwingereza aliyelipa kodi ya mapato alikatwa peni 7 katika kila pauni, na pauni ilikuwa na peni 240; bwanyenye na wakili wa kawaida, kiwango kimoja. Aliyeleta kodi ya nyongeza kwa matajiri, katika bajeti ya 1909, ni Lloyd George, waziri wa fedha wa Uingereza, mliberali aliyehitaji fedha za pensheni za wazee na za manowari. Marx aliitaka kodi imng'oe mwenye mali. Lloyd George alitaka hazina ijae, mwenye mali abaki na mali yake.

Dai la kwanza, kufuta umiliki binafsi wa ardhi, ndilo tamu. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mimi nina haki tu ya kukitumia kiwanja changu. Wengi hudhani hilo ni zao la Ujamaa. Kumbe ni serikali ya Mwingereza iliyoitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, mwaka 1923. Nyerere akaja kufuta umiliki wa kudumu uliosalia, 1963. Na viwanja vinauzwa kila siku, madalali wakila chao.

Kwa hiyo nikimsikia mwanasiasa wa Marekani akimwita mwenzake mkomunisti kisa kodi, nauliza tu: mwisho wa yote, mali ni ya nani?

Dai la nane, kila mtu alazimike kufanya kazi, kwa kawaida huachwa tupu. Mwaka jana mwanafunzi mmoja mtu mzima aliikumbuka Nguvu Kazi ya 1983, watu wakikamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa vijijini wakalime. Akaweka vema. Kisha akaifuta.