Shule za makarani wa Mesopotamia: mtoto alisomeshwa ili awe nani?

Ushahidi ulio wazi kuhusu namna jamii za kale zilivyosomesha watoto umepatikana Nippur, mji wa kale wa Mesopotamia uliopo kusini mwa Iraki ya leo. Mwaka 1951 na 1952 wanaakiolojia walifukua hapo nyumba ndogo ya matofali ya udongo, ya karibu mwaka 1740 KK, wakakuta vibao vya udongo na vipande vyake vipatavyo 1,400, vingi vikiwa kazi za wanafunzi. Palikuwa pia na vibirika ambamo vibao vilivyokwisha kutumika vililowekwa ili udongo ukandwe upya.

Mwanafunzi alianza kwa kukandamiza ncha ya kalamu ya tete kwenye udongo mbichi, alama moja moja, mpaka mkono uzoee mwandiko wa kikabari, yaani wa alama zenye umbo la kabari. Alipanda kwenye silabi, kisha majina ya watu, kisha orodha ndefu za maneno zilizoanzia na miti na vitu vya mbao. Mwalimu aliandika mfano upande wa kushoto wa kibao. Mwanafunzi aliunakili upande wa kulia, akafuta, akanakili tena, hata upande wake ukawa mwembamba kwa kukwanguliwa. Baadaye zilifuata jedwali za kuzidisha, mifano ya mikataba, methali, na hatimaye tungo za kusifu miungu na wafalme.

Ni kweli kwamba mahekalu na majumba ya wafalme yalihitaji makarani wa kuandika mavuno, mifugo na madeni. Hata hivyo, haja hiyo peke yake haielezi kwa nini masomo yalitolewa kwa Kisumeri, lugha ambayo wakati huo watoto hawakuizungumza tena majumbani, kwani walikua wakisema Kiakadi. Katika utungo mmoja ulionakiliwa sana shuleni, mwanafunzi anachapwa kwa kusema bila ruhusa, kwa hati mbaya, na kwa kuacha Kisumeri. Naamini walimu wale walikusudia kumlea mrithi wa ustaarabu mzima, na kazi ya ukarani ilikuwa sehemu tu ya urithi huo. Ndiyo maana Shulgi, mfalme wa mji wa Ur katika karne ya 21 KK, alisifiwa katika tenzi zake kwa kusoma shuleni tangu udogoni.

Nafasi ya kusoma iliwafikia wachache, hasa wana wa familia zenye uwezo, ingawa katika mji wa Sippar kumbukumbu zinataja pia makarani wanawake.