Msukumo wa idadi ya watu: uzazi unapungua, watu wanazidi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwanamke wa Uganda alizaa kwa wastani watoto 6.9 maishani mwake. Utafiti wa taifa wa afya na uzazi wa mwaka 2022 ukakuta 5.2. Uzazi umeshuka kwa karibu robo. Sasa fungua sensa. Mwaka 2002 tulihesabiwa milioni 24.2, na Mei 2024 tukafika milioni 45.9. Watoto kwa kila mama wamepungua, watu wamekaribia kuwa maradufu. Wengi huona lazima mmoja kati ya wahesabuji hawa kakosea. Hakuna aliyekosea, na sehemu kubwa ya jibu iko kwenye kitu kinachoitwa msukumo wa idadi ya watu: ongezeko linaloendelea kwa sababu vijana ni wengi, hata kama kila mmoja wao anazaa wachache kuliko mama yake.

Tupige hesabu ya kijiji kidogo cha kubuni. Kina wazee 20, yaani jozi kumi za mume na mke, na kila jozi ilizaa watoto saba. Watoto ni 70, na tuseme wasichana 35 na wavulana 35. Kijiji kizima ni watu 90. Vijana hao wanakua, wanaoana wenyewe kwa wenyewe, na wanaapa: sisi wawili tu, basi. Wanatimiza. Jozi 35 mara watoto wawili ni watoto 70, na wazee bado wapo, kwa hiyo kijiji sasa ni watu 160. Kizazi kinachofuata nacho kinazaa wawili wawili. Wale wazee 20 wamezikwa, lakini wamezaliwa 70 wengine, na kijiji kina watu 210. Hapo ndipo kinatulia, kwa sababu kila rika sasa lina watu 70 na wanaokufa ni sawa na wanaozaliwa.

Kutoka 90 hadi 210, na tangu kiapo kile hakuna nyumba iliyozaa zaidi ya wawili.

Uganda, bila shaka, haijala kiapo hicho. Uzazi wa 5.2 bado uko mbali na ule wa watoto wawili na ushei unaomrudishia baba na mama nafasi zao tu. Kwa hiyo ongezeko letu lina injini mbili kwa pamoja: familia bado ni kubwa, na wanaoanzisha familia ni wengi. Ya kwanza inaweza kupunguzwa kwa elimu ya wasichana, uzazi wa mpango na kuchelewa kuolewa. Ya pili haifutwi na lolote kati ya hayo, kwa sababu imeshatokea. Karibu nusu ya Waganda hawajafika miaka 18. Msichana aliyehesabiwa Mei 2024 akiwa na miaka miwili atakuwa na 18 mwaka 2040. Idadi ya kina mama wa mwaka huo hatukisii, tunawaona wakicheza uani.

Kuna jambo linasahaulika, nalo ni la heri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, takriban 150 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta 52. Bibi aliyezaa saba zamani huenda alikuza watano. Binti yake anayezaa watano anaweza kuwakuza wote. Kwa macho ya anayehesabu vichwa mezani wakati wa chakula, familia hizo mbili ni sawa.

Kwenye taxi, mazungumzo yakifika hapa, hakosi wa kusema ongezeko hili ni la wakimbizi. Ni kweli Uganda inahifadhi zaidi ya milioni 1.5, wengi wao kutoka Sudan Kusini na Kongo, wakiishi Bidi Bidi, Nakivale, Kyangwali na kwingineko. Lakini kati ya sensa ya 2014 na ile ya 2024 tuliongezeka kwa zaidi ya milioni 11. Hata tukijifanya kwamba wakimbizi wote waliingia ndani ya miaka hiyo kumi, na haikuwa hivyo, bado inabaki milioni tisa na zaidi ya kuelezwa. Hao walizaliwa kwetu.

Kuhama kunakobadilisha sura ya nchi ni kule kwa ndani. Kampala yenyewe iliongezeka kutoka watu milioni 1.5 hadi 1.8 katika miaka hiyo kumi. Wilaya ya Wakiso inayoizunguka ilitoka karibu milioni mbili hadi milioni 3.4. Nenda miji yake ya Nansana, Kira, Kasangati: kijana anatoka kijijini, anapanga chumba kimoja, *muzigo* (Mswahili mgeni hudhani anaambiwa kuhusu furushi), na chumba hicho kinakuwa nyumba ya familia kabla hajamaliza kulipia kitanda. Wanaohama ni wenye umri wa kuzaa, kwa hiyo wanahama na msukumo wao. Ndiyo maana wilaya kama hiyo hukosa madarasa haraka kuliko takwimu za taifa zinavyoonyesha. Kwa upande mwingine, mwanamke wa mjini huzaa wachache kuliko wa kijijini, kwa hiyo safari ile ile inayoijaza Wakiso inapunguza pia ukubwa wa familia.

Msukumo huweza pia kwenda kinyume. Japani uzazi umekuwa chini kwa miongo mingi, na sasa wasichana ni wachache. Hata wakiamua leo kuzaa zaidi kuliko mama zao, idadi ya Wajapani itaendelea kushuka kwa miaka mingi, kwa sababu wa kuzaa hawatoshi. Huko serikali inafunga shule kwa kukosa watoto, wakati mwalimu wa Wakiso anatafuta mahali pa kuweka benchi moja zaidi.