Uprotestanti na Kuibuka kwa Ubepari: Hoja ya Max Weber na Mipaka Yake

Ilikuwaje imani iliyokemea kupenda mali ikalea watu waliokusanya mali bila kuchoka? Hilo ndilo swali ambalo Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, alilishughulikia katika makala zake za mwaka 1904 na 1905, na ni swali gumu kuliko dai linalorudiwa mara nyingi kwa jina lake, kwamba Waprotestanti wana kipaji cha biashara kuwapita Wakatoliki.

Jibu alilitafuta kwa wafuasi wa Jean Calvin, kiongozi wa Kiprotestanti wa Geneva, hasa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa Uingereza wa karne ya 17. Walifundishwa kwamba Mungu amekwisha kuamua nani ataokoka na nani atapotea, wala hakuna sala, sadaka au kasisi awezaye kuubadili uamuzi huo. Muumini aliishi na hofu, asijue yumo kundi gani. Wachungaji kama Richard Baxter wa Kidderminster walimhimiza afanye kazi kwa bidii kama wito wa Mungu, na kidogo kidogo mafanikio ya kazi yakaanza kuchukuliwa kuwa dalili ya neema. Kwa kuwa anasa ilikuwa dhambi, faida haikuliwa bali ilirudishwa kwenye biashara, na mtaji ukakua pasipo mchungaji yeyote kukusudia hivyo.

Weber alimnukuu Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani, aliyemwasa kijana mfanyabiashara mwaka 1748 kwamba anayemdai akisikia nyundo yake ikigonga saa kumi na moja alfajiri, atatulia miezi sita zaidi. Akimkuta kilabuni saa za kazi, atadai fedha zake kesho yake. Hofu ya jehanamu ilikuwa imefifia, nidhamu yake ikabaki.

Hata hivyo, benki za Florence, Italia, na utajiri wa familia ya Fugger, Wakatoliki wa Augsburg, havikungoja Uprotestanti. Mwaka 2009 wanauchumi Sascha Becker na Ludger Woessmann walichunguza wilaya za Prussia, dola la Ujerumani, za karne ya 19, wakaona kwamba maendeleo zaidi ya Waprotestanti yalielezeka kwa kiasi kikubwa na kujua kusoma na kuandika. Kwa maoni yangu, hoja hii ina uzito kuliko ile ya hofu ya wokovu, kwa sababu chanzo chake kinaonekana waziwazi: Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, alitaka kila muumini ajisomee Biblia, na mwaka 1524 aliyaandikia mabaraza ya miji ya Ujerumani akiyasihi yaanzishe shule za wavulana na wasichana.