Siku ya Kwanza Cork: Fuata Maji Yalikopita

Kazi yangu ni mipango miji, na nikifika mji nisioujua huanza kutafuta maji: yanapita wapi sasa, yalipita wapi zamani, na nani amejenga juu yake. Kwa Cork, mji wa pili kwa ukubwa katika Jamhuri ya Ireland, njia hii inafaa kuliko ramani za watalii. Ukiwa peke yako ni raha zaidi, maana hakuna wa kukuharakisha ukiamua kusimama nusu saa mbele ya mlango.

Mambo ya safari nitayapitia haraka. Ireland haimo katika Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haitakuingiza. Sisi wa Tanzania na Kenya tunaomba viza ya Ireland yenyewe. Plagi ni zilezile za pini tatu, magari yanapita kushoto kama kwetu, pesa ni yuro. Ukishuka kwenye basi mshukuru dereva kwa sauti, ndiyo desturi yao.

Haya, mji wenyewe. Katikati ya Cork ni kisiwa. Mto Lee ukikaribia mji kutokea magharibi hugawanyika mikono miwili, kisha mikono hiyo hukutana tena upande wa mashariki, kuelekea bandarini. Zamani hapo palikuwa na visiwa vidogo vingi vya matope, na kati yake mifereji iliyofikisha mashua hadi milangoni pa wafanyabiashara. Karne ya 18 mifereji ikaanza kufunikwa mmoja baada ya mwingine. Ndiyo sababu St Patrick's Street, barabara kuu ya maduka, imejipinda vile: iko juu ya mkondo uliofunikwa miaka ya 1780. Mpima ardhi mwenye uwanja mtupu hawezi kuchora mkunjo kama ule. Barabara hiyo ilipofanyiwa ukarabati uliokamilika mwaka 2004, msanifu Beth Galí wa Barcelona aliweka nguzo za taa zinazofanana na milingoti. Kwangu mimi zimezidi kidogo, ila wazo nalielewa.

Ukitaka ushahidi wa kushika kwa mkono, nenda barabara ya South Mall. Tazama nyumba za zamani: mlango wa heshima uko juu, unaufikia kwa ngazi za mawe, na chini ya ngazi, usawa wa barabara, kuna mlango mwingine mfupi. Huo wa chini ulikuwa wa mashua. Shehena ilitoka majini ikaingia ghalani moja kwa moja, huku mwenye nyumba na wageni wake wakipita juu bila kulowa. Niliinama kuuchungulia mmoja mpaka mlinzi wa jengo la jirani akaja kuniuliza nimepoteza nini.

Maji yenyewe hayajahama. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa na maji kufunguliwa kwenye bwawa la Inniscarra, mto ulibomoa sehemu ya ukuta wa gati pale Grenville Place, majengo ya chuo kikuu yakafurika, na maelfu ya wakazi wakakosa maji ya bomba kwa siku kadhaa. Anayeijua Jangwani ya Dar es Salaam wakati wa masika hahitaji maelezo zaidi.

Njaa ikibisha, ingia English Market, soko lililofunguliwa mwaka 1788. Samaki wako kwenye barafu, nyama imepangwa kwa utaratibu, na utumbo unauzwa waziwazi, hivyo mla supu ya utumbo atajiona yuko nyumbani. Pembeni yake wanaweka drisheen, ambayo ni soseji ya damu. Waislamu wenzangu, hiyo ipiteni. Ghorofani kuna mgahawa, na mtu aliye peke yake hapati shida ya kupata kiti.

Mchana vuka mto upande wa kaskazini, panda kilima cha Shandon. Pumzi itakata. Huko ndiko ulikokuwa mnada wa siagi, ulioanza mwaka 1770 na kukua hadi kuwa soko la siagi kubwa kuliko yote duniani katika karne ya 19. Wakulima walileta siagi kutoka mashambani, wakaguzi wakaipanga kwa madaraja, kisha ikashuka kilimani hadi melini, nyingine ikafika visiwa vya Karibi. Hapo hapo lipo kanisa la St Anne la mwaka 1722. Kuta mbili za mnara wake ni za mawe mekundu na mbili za mawe meupe, na saa zake nne hazikubaliani dakika, kiasi kwamba wenyeji wanauita mnara huo mwongo mwenye nyuso nne. Unalipa kiingilio, unavuta kamba za kengele wewe mwenyewe ukifuata namba zilizoandikwa, halafu unapanda ngazi 132. Ukiwa juu tazama kusini: mikono ya mto utaiona, na barabara zilizopinda katikati yake zitakuwa na maana.

Ukirudi mjini utagundua kwamba upande mmoja wa St Patrick's Street una majengo mengi ya miaka ya 1920. Usiku wa tarehe 11 Desemba 1920, wakati wa vita vya uhuru wa Ireland, askari wa Uingereza waliuchoma moto mji. Maduka mengi yakateketea, pamoja na ukumbi wa jiji na maktaba. Ukumbi uliopo sasa, kando ya mto, ulifunguliwa mwaka 1936.

Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo muda wa kutembea kando ya magati upo hata baada ya chakula cha jioni. Kesho yake panda treni stesheni ya Kent uende Cobh, bandari ya mwisho ambayo meli ya Titanic ilipita mwaka 1912. Ni safari ya chini ya nusu saa, na ukikaa upande wa kulia utaona maji karibu njia nzima.