Ni mahojiano tu

Wiki hii nimepokea andiko jingine la utafiti ambalo kipengele chake cha madhara kimejazwa kwa sentensi moja: "Hakuna madhara yanayotarajiwa kwa kuwa ni mahojiano tu." Mada yenyewe ilihusu wanawake walioharibikiwa mimba. Nimekwisha kuacha kuhesabu ni mara ngapi nimeisoma sentensi hiyo, na kila mara mwandishi wake huonekana kuamini kwamba madhara huletwa na sindano peke yake. Pasipotolewa damu wala kumezwa kidonge, kamati ya maadili ipige muhuri tuendelee na kazi.

Fomu ya ridhaa sitaizungumzia sana. Isomwe kwa lugha anayoielewa mshiriki, na aelezwe kwamba anaweza kuacha wakati wowote bila kupoteza huduma yake. Tatizo ni kwamba katika mahojiano ya kina, wakati wa kutia saini hakuna ajuaye kitakachosemwa, si mshiriki wala mhoji. Mtu huja kueleza anavyotumia dawa za shinikizo la damu, na kufika dakika ya 40 anasimulia kipigo cha mumewe. Ridhaa ya mwanzoni haikuyahusu hayo, kwa hiyo mwishoni humuuliza tena kama kuna sehemu angependa tuifute.

Kinachonikera hasa ni jibu ninalopewa nikidai maelezo ya jinsi mshiriki atakavyofichwa asitambuliwe: "Tutatumia majina bandia." Jina ni sehemu ndogo ya yale yanayomtambulisha mtu. "Mshiriki wa 7, muuguzi, miaka 52, mwanamume pekee katika wodi ya wazazi, aliyehamishwa baada ya kugombana na daktari wa zamu" hana jina, lakini wodi nzima imekwisha kumjua kabla hujafika kwenye nukta. Takwimu humficha mtu ndani ya wastani, ilhali nukuu humtoa nje pamoja na msemo wake wa kila siku na namna anavyomtaja mkewe. Tena wasomaji wa kuogopwa si wageni, bali wale wanaomfahamu: mwenza wake, mkuu wa kitengo, au aliyeketi naye kwenye majadiliano ya kikundi, ambaye, tukiri, tulimwomba tu asiyatoe nje tukabaki kutumaini.

Nancy Scheper-Hughes, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichunguza maradhi ya akili katika kijiji kimoja cha Ireland katika miaka ya 1970, akakipa kijiji jina la kubuni. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1979, wanakijiji walijitambua na kutambuana. Aliporudi mwaka 1999 alitakiwa aondoke.

Dawa inayopendekezwa na vitabu vya mbinu ni kubadili umri, kazi, hata jinsia. Nami hufanya hivyo, ila bila amani. Nikimgeuza yule muuguzi kuwa mwanamke nimemlinda, lakini huenda uanaume wake ndio uliokuwa kiini cha ugomvi, na hapo uchambuzi wangu umekuwa uongo. Mara kadhaa nimeitupa nukuu iliyozidi nyingine zote. Mara moja niliiacha ibaki kwenye ripoti, nikijiambia kwamba hakuna wa kuitambua, na mpaka leo sina hakika kama nilifanya haki.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake ambayo ningependa ifuatwe hata kwenye mada zinazoonekana za upole: katika kaya ahojiwe mwanamke mmoja tu, asiwepo karibu mtoto aliyezidi miaka miwili, na mhoji awe na maswali mengine ya kawaida ya kuhamia mtu akiingia ghafla. Niliyahitaji siku mlango ulipofunguliwa bila hodi. Nikauliza kuhusu chanjo za watoto, sauti ikinitetemeka, na yule mama akanijibu tarehe moja baada ya nyingine kwa utulivu ulionionyesha kwamba yeye alikuwa na mazoezi kuliko mimi.

Kuhusu usalama wa watafiti, andiko lile halikuwa na neno hata moja. Kumwarifu mwenzako unakokwenda na saa ya kurudi, na kukaa karibu na mlango, ni mambo mepesi. Anayesahauliwa ni mnukuzi, yule anayesikiliza sauti iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno. Mhoji huisikia habari mara moja. Mnukuzi huzirudisha nyuma sekunde zilezile tano mara nane ili apate neno lililomezwa na kwikwi, akiwa peke yake, na vipokea sauti masikioni. Niliwahi kunukuu mwenyewe simulizi ya mama aliyefiwa na kichanga, na kwa majuma kadhaa nikawa naisikia ile pumzi aliyoivuta kabla ya kutamka "alikuwa baridi". Tangu hapo bajeti zangu huwa na fungu la mshauri nasaha kwa wanukuzi, na ndilo fungu la kwanza kukatwa.

Mshiriki akilia, maelekezo ya kawaida ni kusimamisha mahojiano. Mimi huzima kinasa sauti, hukaa kimya, kisha humuuliza kama tuendelee, tupumzike au tuishie hapo. Wengi husema tuendelee. Sijui ni wangapi husema hivyo kwa kuwa wanataka kusema, na ni wangapi kwa kuwa wameona daftari langu bado liko wazi.