Ule mngurumo haukuwa wa feni

Kazi yangu ni kusafisha sauti za filamu. Kutwa nafuta upepo uliopiga maikrofoni, jenereta iliyonguruma mbali, mtu aliyekohoa nyuma ya kamera. Basi nilipoanza kuitazama The Zone of Interest kwa mara ya kwanza, sikufika mbali, nikaisimamisha. Kulikuwa na mvumo chini ya mazungumzo, nikadhani feni ya kompyuta yangu imeanza kuchoka. Kusimamisha tu, chumba kikawa kimya. Mvumo ulikuwa ndani ya filamu.

Filamu hii ya Jonathan Glazer ilitoka 2023, kutokana na riwaya ya Martin Amis ya 2014. Rudolf Höss, mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, anaishi na mkewe Hedwig na watoto wao watano katika nyumba iliyopakana na ukuta wa kambi. Kuna bustani ya maua, bwawa la watoto, mbwa. Ng'ambo ya ukuta waliuawa watu wapatao milioni 1.1, na hakuna hata mmoja tunayeonyeshwa akiuawa.

Hofu yote imeingizwa kupitia masikio. Johnnie Burn, aliyeshinda Oscar kwa kazi hiyo pamoja na Tarn Willers, alizijenga sauti za kambi kwa kufuata ushahidi wa walionusurika, kisha akaziweka chini sana. Hapo ndipo ufundi ulipo. Ukuta na umbali hula sauti nyembamba kwanza, na konsonanti huishi huko kwenye wembamba. Kwa hiyo kelele ya mtu inakufikia bila maneno, kama kishindo tu. Unajua kuna anayelia, ila hujui anasema nini. Unabaki kukaza sikio, na kadiri unavyolikaza ndivyo unavyojitakia balaa.

Halafu linakuja lililonikosesha usingizi. Sikio likisikia mvumo usiobadilika, ubongo huacha kuuhesabu, kama tunavyoacha kuisikia friji. Baada ya muda nilijikuta nasikiliza habari za maua tu. Nilikuwa nimeshakuwa Hedwig! Hakuna aliyenihubiria, masikio yangu yenyewe ndiyo yaliyonisaliti.

Kuna tukio mtoto mmoja anacheza peke yake chumbani. Dirishani inaingia sauti: mfungwa amegombania tufaha, na amri inatolewa azamishwe mtoni. Mtoto anachungulia, anarudi kwenye michezo yake, kisha anasema kwa sauti ndogo, kana kwamba anamkanya mfungwa yule: usirudie tena. Kamera haikutoka chumbani hata hatua moja.

Wapenzi wa riwaya hulalamika kwamba kitabu kimetupwa, na kwa hadithi wana haki. Amis ana wasimulizi watatu: afisa anayemtamani mke wa mkuu wa kambi, mkuu mwenyewe ambaye ni mlevi na jina lake la kubuni ni Doll, na Szmul, Myahudi anayelazimishwa kushughulikia maiti. Glazer amefuta mapenzi yale na kurudisha jina halisi la Höss. Lakini mimi naona ameshika jambo moja kubwa. Katika riwaya, harufu ya maiti inawafuata wote, na Doll anahangaika nayo kama mwenye nyumba anayehangaika na choo kilichoziba. Sinema haina harufu, kwa hiyo mvumo umepewa kazi ile ile.

Ukitaka kuitazama, usitumie spika ndogo za simu au kompyuta. Hazitoi sauti nzito za chini, na utabaki na familia inayokunywa chai kisha useme filamu inachosha. Tafuta hedifoni nzuri, au ukumbi wenye spika kubwa.

Mwenye akili timamu pale nyumbani ni mama mzazi wa Hedwig. Amekuja kutembea, amesifia bustani, lakini usiku anauona dirishani mwanga mwekundu wa tanuri za kuchomea maiti. Asubuhi kitanda ni kitupu, ameacha barua. Hedwig anaisoma, anaitia ndani ya jiko.

Mara ya tatu niligeuza skrini ikatazama ukuta, nikasikiliza tu, kama nifanyavyo kazini. Nilimaliza dakika arobaini, nikavua hedifoni.